Mto mpana, maji ya theluji: kijana wa Pangani atamvuaje trauti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Pangani, nafanya kazi Tanga mjini. Mwezi wa nne naenda Helena, jimbo la Montana, Marekani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Mwenyeji wangu ameniahidi kunipeleka mto Missouri kuvua trauti kwa nzi bandia, bila chambo chochote. Mshipi nimeushika tangu utotoni, lakini picha alizonitumia zimenichanganya: mto mpana, theluji ukingoni, na samaki haonekani. Nianzie wapi, niende saa ngapi, na nibebe nini kutoka huku?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu. Nitaanza na hilo la saa, maana ndilo litakaloamua mengine yote.

Wewe umekulia kwenye mlango wa mto unaoendeshwa na mwezi. Pale Pangani, mtu hatii chombo majini kabla hajajua kama leo ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yale madogo, na maji yataanza kujaa saa ngapi. Wakati wa bamvua bahari yetu inapanda zaidi ya mita 3, mto wenyewe unarudi nyuma, na mkizi wanapanda nao. Sasa Missouri, huko juu unakokwenda, haujui bahari. Kutoka hapo hadi baharini ni maelfu ya kilomita. Hakuna kujaa wala kupwa. Kinachofanya kazi ya mwezi kule ni joto la maji, na usipolipima utakuwa unavua kwa kubahatisha.

Trauti ni samaki wa maji baridi, ila baridi nayo ina kiasi chake. Maji yakiwa nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, mwili wake unapoa, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na hana haja ya kukimbizana na kitu. Anatulia chini, anafungua mdomo kwa kile tu kinachompitia puani. Yakifika nyuzi 7 anaanza kuchangamka. Kati ya 10 na 15 anakula kwa bidii. Yakizidi 20 anataabika, lakini hiyo ni habari ya Agosti, wewe utakuwa umesharudi. Mwezi wa nne, mto huo unaamka asubuhi ukiwa na nyuzi 4 au 5 hivi, na jua likishawaka unapanda nyuzi mbili, pengine tatu. Kwa mguu wako hutaona tofauti. Kwa samaki, hapo ndipo siku inapoanza.

Kwa hiyo mazoea ya kudamka alfajiri yaache Bweni, ng'ambo ya mto wetu. Mwezi wa nne vua kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kabla ya hapo kunywa chai. Mwenyeji wako akikuamsha saa kumi na moja alfajiri, muulize kwa adabu anakwenda kumvua nani. Kipimajoto cha kufunga kwa kamba kinauzwa madukani kule. Nunua hicho kabla hujanunua nzi hata mmoja. Mwezi wa sita ukiingia mambo yanageuka, asubuhi na jioni ndizo zinakuwa nzuri, lakini hata wakati huo kipimajoto ndicho kitakachokuambia.

Tuje kwenye mahali. Sehemu atakayokupeleka bila shaka ni chini ya bwawa la Holter, karibu na kijiji cha Craig, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka Helena. Mto hapo unafika upana wa mita 100 hivi, na ukiutazama kwa mara ya kwanza maji yote yanafanana. Mgeni anachofanya ni kuingia mpaka kiunoni na kurusha kwa nguvu zake zote kuelekea katikati. Anakuwa amesimama pale pale walipokuwa samaki, na nzi wake amempeleka wasipokuwepo.

Mto wa namna ile usiuvue wote. Ugawe kwa macho, uchague kipande kimoja chenye ukubwa wa kijito, uvue hicho kana kwamba mwingine haupo. Mwanzo wa majira ya machipuko samaki hawajatawanyika. Wamejikusanya kwenye maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea taratibu, yenye kina cha kiuno hadi kifua, chini kuna changarawe. Utayapata upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya visiwa, na pale ambapo maji ya haraka yanapakana na yaliyopoa. Huo mpaka ndio muhimu kuliko yote. Samaki anasimama upande uliopoa asichoke, na upande wa haraka unamletea chakula. Mpaka wa namna hiyo wewe unaujua tayari: pale mlangoni mwa mto wetu, maji ya udongo yanapokutana na maji ya chumvi, kuna mstari wa povu, na wavuvi wanaufuata. Kule nako fuata povu. Vidudu vinavyochukuliwa na maji vinapita njia ile ile povu linamopita. Mara nyingi mstari huo uko mita tano au sita tu kutoka ukingoni, kwa hiyo simama kwanza mchangani, uvue maji ya karibu, ndipo uingie.

Mahali pamoja nakuomba usipaguse. Trauti wa upinde wa mvua hutaga majira hayo hayo ya machipuko, hasa mwezi wa nne na wa tano. Jike huchimba changarawe kwa mkia mpaka panakuwa na doa jeupe lililosafishwa, la ukubwa wa meza au zaidi, kwenye maji mafupi, na utaona samaki wawili au watatu wamesimama juu yake mchana kweupe. Ni rahisi kuwapata hapo, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi siuhesabu huo kuwa uvuvi. Jimbo la Montana liliacha kupandikiza trauti wa kufugwa kwenye mito yenye samaki wake wa asili mwaka 1974, kwa hiyo samaki utakayemshika yaelekea amezaliwa mtoni humo, kwenye doa kama hilo. Usirushe hapo, na usipite na mabuti yako hapo, kwani mayai yamefukiwa chini ya kokoto na hayaonekani.

Nimesema samaki wa asili, lakini ukweli ni kwamba wote wawili utakaowakuta walipelekwa. Huyo wa upinde wa mvua asili yake ni mito ya pwani ya Pasifiki, na trauti wa kahawia ni wa Ulaya, mayai yake yaliingia Marekani mwaka 1883. Mwenyeji halisi ni mwingine, mwenye mstari mwekundu chini ya taya, na siku hizi amebaki zaidi kwenye vijito vya milimani. Majirani zetu Kenya nao waliletewa trauti wao mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipopandikiza mayai mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Kwa hiyo usijione mgeni peke yako.

Sasa vifaa, na hapa itabidi usahau kidogo ulichojifunza utotoni. Kwetu chubwi, ile risasi nzito, ndiyo inayobeba mshipi: unazungusha, unaachia, chubwi inaruka na kuvuta uzi. Nzi bandia hana uzito wowote, ni unyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano ndogo. Ukimzungusha na kumwachia atakuangukia miguuni. Kule kinachorushwa ni uzi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki. Fimbo ya futi 9 inaupeleka nyuma, unasubiri unyooke hewani, ndipo unaupeleka mbele. Mwisho wa uzi huo kuna nailoni ya futi 9 au zaidi inayozidi kuwa nyembamba mpaka milimita 0.18 au 0.15, na hapo ndipo nzi anapofungwa. Dukani watakuuliza unataka fimbo namba ngapi. Sema 5 au 6. Upepo wa Montana mwezi wa nne si mchezo, na mimi ningechukua 6.

Kusubiri uzi unyooke nyuma ndiko kunakowashinda wavuvi wa mshipi. Mkono wetu umezoea kutupa. Usijifunzie mtoni. Muombe mwenyeji fimbo, simama uani kwenye majani, funga kipande cha sufu mahali pa nzi, na ugeuze shingo utazame uzi unavyokwenda nyuma kila unaporusha. Mita kumi zilizonyooka zinakutosha. Watu watakaokuonyesha mita 25 wanafurahisha macho tu, samaki wa Aprili hayuko huko.

Kilichobaki ni mwendo wa nzi ndani ya maji. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa watu hubadilisha nzi kutwa nzima wakati kasoro iko kwenye uzi.

Chukulia umesimama ukingoni, umerusha moja kwa moja mbele yako. Uzi umelala juu ya maji ya namna tatu: karibu nawe yaliyopoa, katikati ya haraka, mbele tena yaliyopoa, na huko ndiko aliko nzi. Kwa sekunde mbili za kwanza kila kitu ni sawa. Kisha maji ya katikati yanaushika mgongo wa uzi na kuuvuta kwenda chini ya mto, uzi unapinda, nao unamvuta nzi. Nzi anaanza kwenda mbio kuliko povu lililo pembeni yake. Hakuna mdudu hai wa saizi ile anayeweza kwenda hivyo, na trauti anamwacha apite. Dawa yake: mara tu uzi unapogusa maji, inua ncha ya fimbo, uokote ule uzi wa katikati bila kumtikisa nzi, na uulaze upande wa juu wa mto. Sasa mgongo umepinda kinyume, na mpaka maji yaunyooshe tena umeshapata mita nne au tano za mwendo wa haki. Fanya tena kabla haujapinda. Kipimo chako ni povu: nzi au boya likienda sawasawa na povu, uko sahihi, likilipita, okota urushe upya.

Boya, nimelitaja. Aprili chakula kingi kiko chini, kwa hiyo utavua kwa nzi wawili wa kuzama, chubwi ndogo sana juu yao, na boya la rangi kali. Kutoka kwenye boya hadi kwenye chubwi weka urefu wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Kama huchubui chini hata mara moja, hujafika waliko, ongeza chubwi. Mshtuko wa trauti wa maji baridi si kama wa hongwe anayekung'oa kidole. Boya linasita tu, kama limegusa jani. Ukiona limesita, inua fimbo, usivute. Mara nyingi litakuwa jiwe. Inua hivyo hivyo.

Nzi wa kuuliza dukani: Pheasant Tail na Zebra Midge, ndoano namba 16 hadi 20, na yule wa waridi anayeigiza sowbug. Huyu wa mwisho ni mdudu wa majini, jamaa wa kamba, anayejaa kwenye majani ya mto chini ya mabwawa kama Holter, na trauti wa Missouri wanamla mwaka mzima. Siku maji yamechafuka au kuna giza la mawingu mazito unaweza kuburuta nzi mkubwa aitwaye Woolly Bugger polepole karibu na ukingo kwa ajili ya yule wa kahawia. Zaidi ya hapo, na yule wa kuelea aitwaye Parachute Adams nitakayemtaja sasa hivi, usitie mifukoni, utajichanganya.

Kuanzia katikati ya Aprili, na Mei yote, omba mawingu. Siku ambayo watalii wanalalamika, manyunyu, hakuna jua, hakuna upepo, ndiyo siku yako. Kwenye saa saba au nane mchana wataanza kutoka majini wadudu wadogo wa rangi ya zeituni, jamii ya Baetis, mabawa yamesimama wima kama matanga ya ngalawa, wanateleza juu ya maji wakisubiri yakauke waruke. Hapo ule mto uliokuwa umekufa unajaa pua. Usiwarukie. Simama utazame kwanza. Ukiona pua inatokeza na kiputo cha hewa kinabaki, samaki anamchukua mdudu aliyekwisha kutoka: funga Parachute Adams namba 18. Ukiona mgongo na ncha ya mkia tu, bila pua, anamchukua akiwa bado chini kidogo ya uso wa maji: funga Pheasant Tail asiye na uzito, aende sentimita chache tu chini. Kisha chagua samaki mmoja. Mvuvi wa kwetu akiona kundi la mkizi hutupa kimia katikati, na ndivyo inavyopasa. Kule ukirusha uzi katikati ya kundi unawatawanya wote. Huyo mmoja ana njia yake, nyembamba, hatoki nusu mita kulia wala kushoto. Muwekee nzi mita moja juu yake, na umngoje.

Akishika, mpe uzi. Wahenga walisema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi, ila hasira ya trauti kwenye nailoni ya milimita 0.15 ni hasara ya mvuvi aliyekaza. Weka fimbo juu, acha akimbie, vuta anapopumzika. Mkono ulozoea kukokota changu utataka kukokota. Uzuie.

Habari ya kumrudisha majini najua itakukera, nyumbani ukimwambia mama umeshika samaki wa kilo na nusu ukamwachia atakuuliza kama ulikuwa na homa. Sheria inaruhusu kuchukua kiasi fulani sehemu nyingi, na kijitabu cha kanuni cha mwaka huo kitakuonyesha wapi na wangapi. Lakini wewe ni mgeni wa mtu, na wenyeji wa mto ule wengi huwaachia. Fuata desturi ya nyumba. Bonyeza kijino cha ndoano kwa koleo kabla hujavua, lowesha mikono kabla ya kumgusa maana mkono mkavu unamvua utelezi wake, na umshike akiwa majini, kichwa kimeelekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe.

Kuna tarehe ya kuiangalia. Kuanzia katikati ya Mei theluji ya milimani inayeyuka, na mito isiyo na bwawa, kama Yellowstone, inafura na kuwa rangi ya Pangani wakati wa masika. Hali hiyo hudumu hadi mwishoni mwa Juni, miaka mingine zaidi. Missouri chini ya Holter hauchafuki hivyo, kwa sababu bwawa linashika tope, kama bwawa la Nyumba ya Mungu linavyoushika mto wetu huko juu. Lakini chini ya Craig unaingia mto Dearborn, ambao hauna bwawa, na ukifura unaleta matope yake yote. Siku hizo vueni juu ya makutano hayo.

Kuhusu usalama sitakubembeleza. Najua unaogelea kutoka Pangani mpaka Bweni. Kuogelea hakutakusaidia kwenye maji ya nyuzi 5: vidole vinakataa kufungua kifungo ndani ya dakika chache, na nguvu ya kujivuta nchi kavu inaisha ukiwa bado unaiona. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na yale ni maangavu, yanakudanganya kina. Ile suruali ya mpira inayofika kifuani lazima ifungwe mkanda kiunoni, ili ukianguka isijae maji. Shika fimbo ya kutembelea, usipite magoti mahali usipopajua, na wiki za kwanza usiende peke yako.

Leseni ya uvuvi ni lazima hata kama unashika fimbo dakika kumi. Inatolewa na idara ya jimbo inayoshughulikia samaki na wanyamapori, na utainunua kwa intaneti au dukani. Sheria ya mwaka 1985 inamruhusu kila mtu kutembea ndani ya mto na ukingoni mwake hadi pale maji yanapofikia kwa kawaida yakijaa, hata kama shamba la juu ni la mtu. Haikuruhusu kukatisha shambani. Ingia mtoni kwa daraja la barabara ya umma au kwa maeneo yaliyotengwa, na ukiona uzio wenye tangazo, rudi.

Kutoka Tanga beba vitu vitatu tu: soksi za sufu ukizipata mtumbani, fulana za ndani za mikono mirefu za kuvaa moja juu ya nyingine, na miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji, bila hiyo hutaona doa la mayai wala mgongo wa samaki. Mshipi na ndoano zako ziache. Vingine vyote utaazima au kukodi Craig.

Ukikwama niandikie, ila usianze na nzi uliyemtumia. Anza na joto la maji, saa, na anga lilikuwaje, maana bila hayo sitakuwa na cha kukujibu.